Mbili kwa Kumi

Kimwani, Muleba
11 Februari 2025

Dada yangu mpenzi Klaudia,

Pokea salamu za mdogo wako, za mke wangu Evodia, na za ng'ombe wangu ambaye naye angekuandikia kama angesoma hadi darasa la tano nililokomea mimi. Hujambo waitu, wa kwetu? Rubafu mmelalaje? Maharage yameota? Na hayo masikio yanasemaje, bado yamegoma? Simu husikii, meseji hutaki, unasema herufi zake ni kama mayai ya chawa. Basi nimenunua kalamu. Barua nampa Omary, kondakta wa gari la Bukoba, naye atawapa wale wa gari la Rubafu. Omary ni mtu wangu, nilimfundisha kufunga turubai akiwa hajaota ndevu.

Mimi ni mzima kabisa. Tangu wanipasue mgongo kule Mwanza mwezi wa kumi, ninatembea na vyuma viwili na skrubu sita. Watu wa hapa wanatengeneza magari, mimi nimetengenezwa kama gari. Nimeendesha lori Kampala, Kigali, Lubumbashi, Bujumbura, sijaona mtu mwenye spea nyingi mwilini kama mimi. Wanakijiji wanakuja kuniangalia. Nawaonyesha kovu, wananiletea kibuyu cha lubisi ya ndizi, tunakunywa, tunaheshimiana.

Kuna jambo dogo tu. Pale kliniki vile vidonge vyangu vikali vya maumivu wamevisimamisha. Yule daktari mzee aliyekuwa ananibonyeza mgongo na kuniandikia bila kuuliza maswali amehamishwa. Amekuja binti mdogo, ana miwani. Ameniuliza swali moja, ameandika kitu, basi, dawa kwisha. Nafikiri ameona mwili wangu ni imara, hautaki kemikali.

Usije, maana najua umeshaanza kutafuta kikapu. Shughulika na shamba lako. Mimi naendelea vizuri sana.

Ni mimi mdogo wako,
Rwekaza

Wifi, usimwamini. Hajalala siku nne. Anakula amesimama. Evodia.

*

Rubafu, Bukoba
20 Februari 2025

Mdogo wangu Rwekaza,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mimi ni mzima, maharage yameota, kuku wawili wameliwa na kicheche. Masikio ni yale yale, Jumapili Padre amehubiri nusu saa, mimi nilikuwa natazama midomo yake nikiwaza mambo ya kuku. Nakuombea wewe na Evodia afya njema.

Neno ni hospitali, si hosipitali. Umeliandika hivyo kwenye bahasha, "karibu na hosipitali", na wale wa gari la Rubafu wamelisoma mbele za watu.

Sasa nijibu kama mwanafunzi mwema, swali kwa swali, bila Lubumbashi ndani yake. Kwanza, kwa nini unakula umesimama? Pili, huyo daktari alikuuliza nini hasa? Andika maneno yake. Tatu, wewe ulijibu nini? Dawa ya mtu aliyepasuliwa mgongo haikatwi kwa sababu daktari ana miwani. Kuna neno ulilosema. Nakujua tangu ukiwa unatambaa, kila shida yako huanzia mdomoni.

Nikija nitalala siku mbili tu, sitawasumbua.

Ni mimi dada yako,
Klaudia

*

Kimwani
2 Machi 2025

Dada mpendwa, Mwalimu wa walimu,

Shikamoo yangu ikufikie kabla ya barua. Sisi wazima. Pole kwa kuku, huyo kicheche angekuwa huku ningeshaivaa ngozi yake kama kofia.

Yale maandishi ya chini usiyajali, Evodia alikuwa anajaribu kalamu.

Swali la kwanza: nakula nimesimama kwa sababu nikikaa kuna moto unashuka kutoka kiunoni, unapita paja la kushoto, unafika kidole kidogo cha mguu na kukaa hapo kama mpangaji asiyelipa. Nikisimama unapungua kidogo. Kwa hiyo nakula kama mlinzi wa benki. Hakuna ubaya, chakula kinashuka vizuri zaidi. Usiku natoka jasho, napiga miayo, pua inachuruzika. Hiyo ni malaria tu, imepata nafasi.

Swali la pili na la tatu nayajibu pamoja, maana hapo nilionyesha adabu ambayo wewe mwenyewe ungejivunia. Binti aliniambia hivi: "Mzee, kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu yako unayapa ngapi?" Dada, nilijua papo hapo kwamba huu ni mtihani. Benchi zima la wagonjwa lilikuwa linasikia, mlango ulikuwa wazi. Nikajipima kwa haki. Nikaona hali yangu ni mbaya, siwezi kujipa saba wala nane, nitakuwa mwongo. Hata tano ya kupita sikuistahili. Wakati ule mgongo ulikuwa unawaka mpaka naona nyota mchana. Nikasema kwa unyenyekevu: "Mbili, daktari." Nilitegemea anionee huruma. Akatabasamu! Akasema, "Vizuri sana mzee, hongera," akaandika, akaita mwingine.

Nikatoka najiuliza, ni shule gani hii wanampongeza mtu aliyefeli? Hata wewe uliponifundisha hesabu darasa la tano, ulipokuwa mwalimu mpya wa miaka kumi na tisa mwenye sketi ya kijani, ulinipa mbili kwa kumi mbele ya darasa zima, na hukunipongeza. Ulinichapa.

Usije bado. Barabara ni tope.

Mdogo wako mtiifu,
Rwekaza

*

Rubafu
9 Machi 2025

Rwekaza, mtoto wa mama yangu,

Salamu na afya. Leo sitauliza habari za ng'ombe.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, nikacheka mpaka jirani yangu Kokubanza akaja kuona kuna nini. Halafu nikaketi. Halafu sikucheka tena.

Ndugu yangu, ule haukuwa mtihani. Pale namba haipimi uzima wako, inapima maumivu yenyewe. Sifuri maana yake hakuna maumivu kabisa. Kumi maana yake ni maumivu ambayo mtu hawezi kuyavumilia hata kidogo. Wewe uliposema mbili, ulimwambia yule binti kwamba unaumwa kama mtu aliyejikwaa kidole. Ndiyo maana alikupongeza. Ndiyo maana alikukatia dawa. Hakukosea. Alikuamini.

Na hilo jasho, na miayo, na pua, nina shaka kama ni malaria. Dawa kali ikikatwa ghafla mwili huidai. Kamwambie na hayo pia.

Nimekaa na jambo moja tangu asubuhi. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba mbili ni aibu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilitaka walimu wakubwa waone kwamba simpendelei mdogo wangu. Nisamehe kwa zile fimbo.

Rudi kliniki. Sema: daktari, sikuelewa swali. Maneno matatu. Nitakuja nikusindikize.

Dada yako anayekupenda,
Klaudia

*

Kimwani
15 Machi 2025

Kwa Dada,

Salamu. Sisi wazima.

Fimbo nimesamehe zamani, hata sizikumbuki, zilikuwa nne, mbili kila mkono.

Lakini hilo la kurudi, waitu, haliwezekani. Unajua mimi ni nani hapa Kimwani? Mimi ndiye ninayewasomea watu karatasi za mikopo. Mimi ndiye niliyemweleza mwenyekiti wa kijiji tofauti ya Kongo mbili. Mtu akipata mgeni anayezungumza lugha isiyoeleweka anaitwa Rwekaza, nami nakuja, namsalimia kwa lugha nne, mojawapo itampata. Leo niende nikasimame mbele ya mtoto ambaye mama yake nilikuwa nampa lifti, mlango wazi, benchi limejaa, niseme sikuelewa sifuri mpaka kumi? Watoto wa chekechea wanajua sifuri mpaka kumi! Kesho yake wataniita Mzee Mbili. Jina hilo litaandikwa hata kwenye msalaba wangu.

Isitoshe, nimeshapata ufumbuzi. Gulioni Kagoma kuna bwana mmoja ana begi jeusi, anauza vidonge vya kila aina, havina boksi lakini ni vile vile, rangi ile ile. Nimenunua vya wiki mbili. Mwanamume aliyevuka mipaka mitano hashindwi na karatasi ya binti mmoja.

Kwa hiyo tulia. Na usije, nyumba tunaipaka chokaa.

Mdogo wako,
Rwekaza

*

Rubafu
24 Machi 2025

Rwekaza,

Salamu kwa Evodia. Andika upande wa nyuma wa barua hii hii, umrudishie Omary leo: umekunywa vile vidonge au hujavinywa? Kama hujavinywa, vitupe chooni. Rangi si dawa. Hata ubuyu una rangi.

Dada yako

*

Rubafu
14 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Wiki tatu. Nimeshuka Bukoba kumtafuta Omary, ananiambia kwa ishara kwamba barua ameifikisha, mkononi kwa Evodia. Ananionyesha kiganja, anatikisa kichwa, na mimi sisikii anachosema kuhusu wewe. Midomo yake inakwenda haraka. Nimemwambia aandike, akaandika kwenye tiketi: YUPO. Nimeibeba hiyo tiketi kwenye Misale yangu. Yupo. Neno gani hilo la kumwambia dada wa mtu.

Basi nikueleze kitu ambacho sijamweleza hata Padre.

Mwaka juzi walikuja wataalamu wa masikio Bukoba mjini. Walikuwa wanaandika majina ya watu wa kupewa vifaa vya kusikia. Nilipanga foleni tangu alfajiri, nimevaa gauni langu la kustaafu. Nilipoingia, kijana aliniuliza kitu. Sikukisikia. Nikaona aibu, mwalimu niliyefundisha miaka thelathini na tisa, kusema "unasemaje?" kama mtu aliyelewa. Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo. Akauliza tena kitu kingine. Ndiyo. Akauliza cha tatu, nikaongeza na tabasamu: ndiyo. Akaniandikia karatasi. Nilipofika nje nikaisoma: ANASIKIA VIZURI. Kumbe alikuwa ananiuliza, unanisikia mama? Sasa je? Na sasa? Mimi nikaitikia yote.

Nilirudi Rubafu nikawaambia watu kwamba vifaa vilikwisha. Hawajarudi tena tangu siku ile.

Kwa hiyo usifikiri mjinga wa familia ni mmoja. Mimi nilikuwa na aibu ya sekunde kumi, na kwa sababu yake sijasikia kengele ya kanisa mwaka wa pili huu. Wewe una nafasi bado. Yule binti yupo pale kila Jumanne. Nenda kabla hajahamishwa naye.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata uwongo.

Dada yako,
Klaudia

*

Kimwani
22 Aprili 2025

Dada,

Salamu za Pasaka. Nimeila nimelala.

Nilikunywa viwili, havikufanya kitu, nikaongeza viwili. Sikumbuki siku ya pili yake. Evodia alinikuta kwenye kibanja, nimeanguka kati ya migomba, nimetapika, mdomo una udongo. Anasema nilikuwa napumua kama mtu anayesahau na kukumbuka. Walinibeba kwa machela ya shuka, watu sita, na mimi mzito. Nikalazwa zahanati siku tano. Vile vilivyobaki Evodia amevitumbukiza chooni, kisha akamfuata yule mwenye begi gulioni, sijui alimwambia nini, wanasema hajaonekana Kagoma tangu siku hiyo.

Evodia alikataza mtu yeyote asikwambie mpaka nishike kalamu mwenyewe. Alisema, "Hiyo aibu ni yako, utaiandika wewe."

Hadithi ya masikio nimeisoma mara tano. Sikucheka. Mara ya tano nilicheka kidogo, pale ulipoongeza tabasamu.

Jumanne ijayo nitakwenda.

Rwekaza

*

Kimwani
6 Mei 2025

Dada yangu kipenzi Klaudia,

Hujambo waitu? Umelalaje? Ng'ombe amezaa, ndama jike. Evodia anakusalimu, yuko hapa ananisimamia nisiongeze chumvi.

Nilikwenda. Njiani, kwenye pikipiki, nilipanga hotuba tatu, moja ilikuwa na Lubumbashi. Nilipoingia zote zikanitoroka. Binti akasema, "Karibu mzee Rwekaza, si ulikuwa unaendelea vizuri?"

Nikamwambia, "Daktari, mimi nilidhani ni hesabu."

"Hesabu gani?"

"Uliponiuliza sifuri mpaka kumi. Ile mbili yangu ilikuwa ya kufeli."

Akaweka kalamu chini. Nilikuwa nasubiri acheke ili nikasirike niondoke. Hakucheka. Akainuka akafunga mlango, akarudi, akauliza taratibu, "Siku ile ilikuwa ngapi kwa kweli?" Nikasema nane. "Na leo?" Dada, ulimi ulitaka kusema tano, tano ni namba yenye heshima, mwanamume anaweza kuishi nayo. Nikasema, "Tisa." Na nilipoitamka, machozi yakatoka yenyewe bila kuniomba ruhusa. Binti akanipa karatasi ya kufutia mikono, ngumu kama msasa. Nikafuta hivyo hivyo.

Halafu akachukua daftari, akafungua kurasa za nyuma, nikaona uso wake unabadilika. "Mzee Gamaliel," akasema, "aliniambia moja." Nikamwambia, "Gamaliel yupi, huyu aliye nje amejikunja kama ndoano?" Akasema ndiyo huyo huyo. Tukatazamana. Akasema, "Mzee, naomba unisaidie. Mimi wakiniona na koti jeupe wanakaa kama wako shuleni. Waeleze wewe."

Basi nikatoka. Unajua mimi sijawahi kukosa maneno mbele ya watu, lakini pale nilijishika kwanza kwenye mlango. Nikasema, "Wazee wenzangu, na nyie akina mama, mimi Rwekaza wa Kimwani, dereva wa nchi tano, niliulizwa sifuri mpaka kumi nikajipa mbili nikidhani nafeli, nikakatiwa dawa, nikala sumu ya gulioni, nikaokotwa kwenye migomba. Hii namba si ya mtihani! Hapa ukipata kumi ndiyo umekwisha!"

Mzee Gamaliel akainua kichwa, akasema, "Kumbe! Mimi nilisema moja nikijua wananipanga. Nikaona bora niwe wa kwanza."

Benchi lilicheka mpaka nesi Penina akatoka. Mama mmoja akasema yeye alijipa kumi kwa sababu ni Mlutheri na hapendi kuonekana analalamika. Dada, watu wanne walirudi ndani siku ile kubadilisha namba zao. Wanne! Nesi amesema nikipita pale niwe nawaeleza wapya. Na jina la Mzee Mbili wameshanipa, mimi mwenyewe nimelipeleka mpaka nyumbani.

Sasa dawa. Hapa Evodia amesogea karibu. Vile vidonge vikali sijapewa. Nilitolewa kwenye orodha, na kurudishwa kunahitaji karatasi iende Mwanza kwa walionipasua, nao wakubali, na dawa yenyewe iwepo. Labda mwezi wa saba, labda hapana. Binti hakunificha. Alisema hata ikirudi haitakuwa kama mwanzo, itakuwa kidogo na kwa muda. Na ulisema kweli, ile haikuwa malaria, ni mwili uliokuwa unadai. Sasa nina vidonge vidogo, nina kitambaa cha moto asubuhi na jioni, nalala ubavu na mto katikati ya magoti, natembea mpaka mwisho wa kibanja na kurudi mara tatu, hata nikitaka kulia. Kuna siku inashuka hadi sita. Jana ilikuwa nane. Leo sijui, sijaamua.

Nimalizie na hili, maana Evodia amekwenda kumwangalia ndama.

Umesubiri mara nyingi nikwambie karibu, nami nikasema tope, nikasema chokaa. Nyumba hii haijaona chokaa tangu tuijenge. Ukweli ni kwamba huo moto ukija mimi naguna, dada. Si kuguna kwa mtu. Naguna kama ng'ombe aliyekwama tope, nusu saa nzima, siwezi kuuzuia mdomo. Evodia nimemzoea. Lakini wewe ulinibeba mgongoni nikiwa mtoto, ulimwambia Tata, baba yetu, siku ya mazishi ya Mama kwamba mimi silii. Sitaki unisikie hivyo. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Inauma, dada. Hapa sina utani wa kuweka.

Ni mimi mdogo wako,
Rwekaza

*

Rubafu
10 Mei 2025

Mdogo wangu Rwekaza,

Mimi ni mzima, na barua yako imenikuta vyema. Hongera kwa ndama.

Nakuja Alhamisi. Nimemwachia Kokubanza kuku na funguo. Nitakaa mpaka hiyo karatasi ya Mwanza irudi, au mpaka mnichoke. Usitoke kunipokea barabarani, wala usivae koti. Lala ubavu kama ulivyoambiwa, na huo mto katikati ya magoti.

Nitavuta kigoda karibu na kitanda, nichambue maharage yangu. Moto ukija, guna utakavyo, mdogo wangu. Guna mpaka bati liinuke.

Mimi sisikii.

Dada yako,
Klaudia